Mchana Tulipolitupia Ziwa Mawe

Mimi sipendi baridi, na nisingependa mtu adhani nilikwenda Minnesota kwa hiari yangu. Nilikwenda kwa sababu rafiki yangu alinunua tiketi mbili kabla ya kuniuliza. Yeye ni nesi, Mkenya wa Nakuru, anakaa Stafford, pembeni ya Houston, na tabia yake ni kuamua kwanza halafu kukuarifu. Mimi ni Mtanzania, nakaa Plano, mji mwingine wa Texas, nafanya kazi katika moja ya yale majengo ya vioo ambamo watu wanaongea kwa sauti ya chini hata wakigombana. Tulijuana zamani tulipokuwa tunachangia chumba mtaa wa Sharpstown, Houston, wote wawili hatuna gari, tunapishana kwa shifti, na tangu wakati huo ameniamulia mambo mengi. Mengine yalikuwa ya maana.

Safari ilikuwa ya wikiendi ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Nesi mwenzake wa zamani, aliyehamia huko kaskazini na mumewe, alikuwa amejifungua na alitaka mtoto aombewe. Tukaenda, tukala, tukaimba, tukambeba mtoto kwa zamu. Jumapili asubuhi, siku ya kuondoka, nilikuwa jikoni kwa mwenyeji wetu nasuuza vikombe. Ndege yetu ya kurudi Houston ilikuwa ya jioni, na gari langu nilikuwa nimeliacha kwa rafiki yangu Stafford. Yeye alikuwa bado juu anaoga. Simu yangu ikaita, nikaona ni yule mama wa Houston anayeongoza chama chetu cha kusaidiana.

"Mwanangu," alisema, "uko peke yako?"

Mtu aliyekaa ugenini anajua swali hilo linakuja na nini. Kwetu habari ya msiba haitumwi kwa simu. Ukifiwa na mzazi nyumbani, ndugu zako hawakupigii wewe. Wanampigia rafiki yako, naye anampigia mwingine, mpaka wakusanyike watu kadhaa, waje kwako pamoja, waingie, wakae, wakukalishe na wewe, ndipo mmoja wao aseme. Ukiona magari ya watu unaowajua yamejipanga nje kwako na hukualika mtu, unajua kabla mlango haujafunguliwa. Niliposikia sauti ya yule mama nilijua moja kwa moja kwamba aliyefariki ni mama yangu. Nikashika ukingo wa sinki.

"Si kwako," alisema haraka, maana anaijua kazi yake. "Ni baba yake huyo uliye naye. Presha. Amefariki leo mchana, saa za kwao."

Nilipumua. Ndivyo ilivyokuwa, sitaipamba. Kwanza nilishukuru kwamba si mimi, halafu ndipo nikaona povu la sabuni linadondoka kutoka mikononi mwangu hadi sakafuni.

Maagizo yake yalikuwa mafupi. Nisimwambie. Nimlete mpaka nyumbani kwake, wao watakuwa pale, ufunguo upo. Kaka mtu amefunga group la WhatsApp la familia, hakuna atakayeandika kitu. "Wewe kazi yako ni simu yake tu," alisema. "Asije akapata habari njiani."

Nilielewa. Kulikuwa na mwenzetu aliyeisoma habari ya kifo cha mama yake kwenye simu akiwa kwenye foleni ya kulipia mboga, peke yake, akaanguka, na watu wasiomjua wakamzunguka wakidhani ana kifafa. Aliyekwenda kumchukua siku ile alikuwa huyu huyu rafiki yangu. Alirudi amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona, akatuapisha sote kwamba haitatokea tena kwa mtu wetu yeyote. Tangu hapo kila msiba Houston yeye ndiye huitwa kwanza. Yeye ndiye anayeingia mbele, yeye ndiye anayekaa pembeni ya mfiwa na kumshika kifundo cha mkono, kumbe anahesabu mapigo ya moyo. Sasa zamu ilikuwa yake na hakujua, na mtu aliyepewa kazi hiyo ni mimi, ambaye sijui hata kuficha zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Akashuka ngazi amevaa masweta yote aliyokuja nayo, moja juu ya jingine.

"Tunaenda kuona ile ziwa yao," alisema. "Mzee wangu ame-insist. Ati haamini maji inaweza kuwa ngumu mtu atembee juu. Ananiambia mpaka aone na macho yake."

Nilifungua mdomo kukataa. Mwenyeji wetu, ambaye nilikuwa nimeshamnong'oneza habari yenyewe, akasema kwa sauti isiyo yake kwamba ziwa liko ndani ya bustani ya msitu, si mbali, ila kule chini bondeni hakuna network kabisa. Akanisukumia funguo za gari lake mezani bila kunitazama. Basi mimi nikawa wa kwanza kuvaa viatu.

Bustani yenyewe iko katikati ya makazi ya watu. Unapita nyumba, nyumba, shule, halafu ghafla miti. Majani yalikuwa yameshaanguka yote na miti imebaki mashina na vijiti. Theluji haikuwa imeanguka bado. Tuliacha gari kwenye maegesho juu, tukafuata njia inayoteremka, na kadiri tulivyoshuka sauti za barabarani zilikatika moja baada ya nyingine mpaka nikawa nasikia pumzi zangu mwenyewe. Hakukuwa na upepo. Mimi nimezoea Texas, ambako hata ukiwa peke yako kuna mashine fulani inanguruma. Ukimya wa namna ile haukunifurahisha.

Ziwa lilikuwa dogo, la duara, limekaa chini ya miti kama maji yaliyosahauliwa ndani ya sufuria. Hakuna mto unaoingia na hakuna mto unaotoka. Pembeni pameandikwa kwenye ubao jinsi lilivyotokea, na rafiki yangu, ambaye husoma kila ubao, akanisomea. Zamani za zamani nchi yote ile ilikuwa chini ya barafu. Barafu ilipoanza kurudi nyuma, pande moja kubwa likaachwa. Mchanga na kokoto vikalifunika. Likakaa huko chini, likayeyuka polepole sana, na ardhi iliyokuwa juu yake ikadidimia. Shimo lililobaki ndilo ziwa.

"Yaani ilizikwa ikiwa hai," alisema, na akacheka.

Mimi sikucheka. Maji ya Houston nayajua. Yanatoka juu, yanajaa barabarani, yanakuingilia ndani, lakini unayaona yakija. Haya hayakuja kutoka popote. Yalikuwa tu pale.

Juu yake palikuwa na barafu mpya, nyeusi, nyembamba, safi kiasi cha kuona mpaka chini. Tuliinama ukingoni. Majani ya mwaloni yalikuwa yamelala ndani ya maji hayasogei. Katikati yao kulikuwa na glavu nyekundu ya mtoto, vidole vimenyooka vyote vitano. Rafiki yangu alisema tu kwamba mtoto huyo mama yake alimchapa, lakini alisogea hatua moja nyuma, na mimi nikasogea mbili.

Hapo ndipo ziwa lilipoguna.

Sijui neno jingine. Lilianzia upande wa pili, sauti nzito ya chini, ikaja mbio chini ya barafu, ikapita mbele yetu na kuishia kwenye matete. Kisha kimya. Tulishikana mikono bila kuambiana.

"Aki hiyo ni nini?" aliniuliza. "Kuna mtu huko chini?"

Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa anatembeza mbwa alituona tulivyosimama, akacheka kwa upole, akatueleza kwamba barafu inakua. Ikikua inajinyoosha, na ikijinyoosha inalia. Akasema bado ni nyembamba mno, tusiikanyage. Halafu akaongeza kwamba tukitupa jiwe dogo juu yake tutasikia kitu. Akaondoka na mbwa wake kupitia kwenye miti, na baada ya hapo hatukuona mtu mwingine.

Rafiki yangu akatupa jiwe. Liliruka juu ya barafu, na kila lilipogusa ulitoka mlio mwembamba, mkali, mfano wa waya wa kuanikia nguo unapokatika, ukakimbia ziwa zima na kurudi. Akapiga makofi. Akatupa jingine.

"Hii lazima Baba asikie," alisema. "Nishikie simu, uni-record."

Nilikuwa nikiitafuta simu hiyo tangu asubuhi, na sasa alinipa mwenyewe. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikatazama kona ya juu ya kioo: network hakuna. Nikamwambia asogee kulia, kuna kivuli. Nilikuwa naongea tu.

Akasimama ukingoni, ziwa likiwa nyuma yake, akavua kofia ili baba yake amwone vizuri. Ndani ya kioo alikuwa mdogo na amechangamka, pua nyekundu.

"Baba, jambo! Ni mimi. Uliniambia niko muongo. Sasa ona." Akatupa jiwe. Mlio ukaenda, ukarudi. "Hiyo ni maji, Baba. Maji! Imekuwa hivyo usiku moja tu. Umesikia?"

Akanyamaza kidogo, jinsi tunavyonyamaza tunapoongea na mtu wa mbali, tukimwachia nafasi. Na katika ile nafasi ziwa likaguna tena, refu kuliko mwanzo, na karibu. Alishtuka, akageuka kulitazama, kisha akanigeukia anacheka mpaka machozi.

"Amejibu!" alisema. "Usikate, usikate. Baba, umesikia vile imekujibia? Haya, lala poa. Usile chumvi. Tuongee kesho."

Nikakata. Nusura niiangushe simu, akaona, akasema ni baridi hiyo. Nikasema ndiyo, ni baridi. Akaja akabonyeza kutuma hapo hapo nikiwa nimeishika, na alama ya saa ikatokea pembeni ya ile video, kwamba inasubiri. Nikaitumbukiza mfukoni mwangu, nikasema nitaitunza mimi, mikono yake imelowa. Hakubisha.

Nilitaka turudi kwenye gari, halafu nikakumbuka network, nikasema tuzunguke ziwa. Alinitazama kwa mshangao, maana ananijua. Tukazunguka. Njia inafuata ukingo, na popote tulipokuwa ziwa lilikuwa linaguna upande wetu. Najua ni barafu. Yule mwanamke alieleza vizuri na mimi nina akili zangu. Lakini nilikuwa natembea na mtu ambaye baba yake amekufa, na yeye anaongea habari zake kana kwamba yuko chumba cha pili. Baba hapendi hiki. Baba atakuja wakati wa joto, visa ikitoka. Baba anaogopa vitanda virefu, kwa hiyo amemtafutia kifupi. Kila alichosema nilikiona kikianguka mahali ambapo hakuna mtu. Nilitamani kumziba mdomo.

Nilikasirika, na nikikasirika huwa siangalii ninayemkasirikia. Nilimchukia yule mama wa Houston kwa kunichagua mimi. Nilikichukia chama. Nilimkasirikia na marehemu, kwa nini hakusubiri mpaka Jumatatu, binti yake akiwa nyumbani kwake na mimi niko Plano kazini kwangu. Tulifika kwenye benchi moja nikakaa, nikajiambia kwamba ninamwambia sasa hivi, hapa hapa, na lolote liwe. Akakaa karibu yangu. Nikatazama mbele. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumshika, ila mimi na yale maji. Nikaogopa.

"Mbona umenyamaza?" aliniuliza. "Leo hujalalamika hata mara moja. Uko mgonjwa?"

Basi nikalalamika. Nililalamikia baridi, viatu, chai ya mwenyeji wetu isiyo na tangawizi, bei ya maegesho ya uwanja wa ndege. Alicheka, akaniegemea, akasema sasa ndiyo nimekuwa mimi. Tulikaa hivyo. Mbele yetu barafu ililia mara mbili, ndogo ndogo, na hakuna aliyeitupia kitu.

Ilibidi tupande kurudi juu, la sivyo ndege ingetuacha. Nilikuwa na mpango. Ningesema simu yangu imeisha chaji, ningetumia yake kwa ramani, ningeishika mpaka uwanjani, na uwanjani ningetafuta uongo mwingine. Tulipofika kwenye maegesho nikafungua gari haraka. Nilikuwa nimeshika mlango wakati mfuko wangu ulipotetemeka na kutoa mlio.

"Imeenda!" alisema. Akatia mkono mfukoni mwangu, akaichomoa, mimi nikiwa na funguo mkono mmoja na mlango mkono mwingine. Akaniletea kioo usoni. "Ona, tiki mbili. Imefika. Lakini huyo saa hii ako ndoto ya ngapi, akimaliza tu kusikiza habari analala."

Tiki mbili zikageuka bluu.

Nywele zilinisimama mpaka mikononi. Nilijua yule mzee yuko mochari. Nilijua kufa kwake kwa uhakika wote ambao mtu anaweza kuwa nao akiwa mbali namna ile, na mbele ya macho yangu simu yake ilikuwa imefunguliwa na video inatazamwa. Rafiki yangu aliruka ruka pale kwenye lami kama msichana wa shule.

"Hajalala! Anaona! Leo amekesha kuningoja, huyu mzee!"

Kisha simu ikaita. Juu ya kioo palitokea neno moja, Baba, na chini yake picha yake: kofia ya sufu, sweta la kijivu, anatazama pembeni, amekataa kucheka. Ilikuwa inaita mkononi mwa binti yake na yeye anatabasamu, anasogeza kidole.

Baadaye niliambiwa kwamba simu ile alikuwa nayo mama yake rafiki yangu, ndani ya leso aliyojifunga. Ilipotikisika aliitoa, akaiwasha video katikati ya sebule iliyojaa wanawake, na wote wakamsikia binti akimwambia baba yake alale poa. Katika shughuli zote za siku ile hakuna aliyekumbuka kumwambia mama kwamba mtoto bado hajaambiwa. Alitaka tu kusikia sauti yake. Lakini hayo ni ya baadaye. Pale kwenye maegesho niliona mfu anapiga simu, na nikafanya nilichofanya.

Niliipokonya. Niliikamata kwa nguvu hata kucha zikamkwaruza, nikaibana kifuani, na ikaendelea kuita juu ya koti langu.

Alicheka kwanza. "Wewe! Nipe simu." Halafu akautazama mkono wangu. Akautazama muda mrefu, na kicheko kikabaki usoni peke yake, bila mtu. Kisha akainua macho akanitazama. Ni yeye aliyetufundisha sote namna ya kusimama mbele ya mfiwa, mikono iwe wapi, macho yaangalie wapi. Sikuwa nimefuata hata moja, lakini alinisoma.

"Watu wamefika kwangu?" aliniuliza.

Simu ilikatika. Nilitaka kusema watu gani. Nilitaka kusema sijui.

"Wamefika," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea ripoti mwanzo wa shifti. Akashika mlango wa gari, akaegemea. Nikamsogelea nikamshika kifundo cha mkono, na sikujua kuhesabu, nilishika tu. Simu ikaanza kuita tena kifuani mwangu. Baba.

Akanyoosha kiganja. Nikampa. Aliitazama ile picha, kofia na sweta, mpaka nikadhani ataiacha ikatike. Halafu akapokea, akaiweka sikioni.

"Mum," alisema.